UZI: Mavazi ya darasani vyuo vya Mbeya na Iringa, kanuni za getini zimeisahau baridi

MwanaForest ameandika:

Habarini za muda huu wanajamvi.

Kila mwaka ikifika Oktoba maswali ni yale yale. Mwanangu kapangiwa chuo Mbeya, mdogo wangu kapata Mkwawa pale Iringa, anunue nguo gani? Majibu nayo ni yale yale: "anunue jaketi", kisha "asivae kimini, atarudishwa getini". Majibu yote mawili ni ya kweli ila hayatoshi, na katikati yake kuna jambo linaloniuma kwa muda mrefu. Nimesoma Mbeya, nimesoma Iringa, na sasa nafundisha chuo kimoja cha hapa Mbeya. Nikiingia darasani saa moja asubuhi naona watu wamevaa nini. Nikipita getini naona ubao wa matangazo unataka wavae nini. Haviendani hata kidogo.

Nianze na hali ya hewa, maana bila hiyo huwezi kuelewa mavazi ya huku. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Iringa mjini imepita 1,500, Njombe inakaribia 2,000. Kijana anayetoka Dar au Tanga anafika mwaka wa masomo unapoanza, Oktoba au Novemba, na huo ndio wakati wa joto kwetu. Jua linawaka, vumbi linatimka, anajiuliza baridi aliyotishiwa iko wapi. Wapo wanaouza au kugawa sweta walizonunuliwa na wazazi. Mvua zinaanza Novemba zinakwenda mpaka Aprili, shida inakuwa tope na nguo zisizokauka. Baridi yenyewe inaingia mwishoni mwa Mei, wakati ameshajiona mwenyeji. Inakaza Juni na Julai, na Julai vyuo vingi viko kwenye mitihani ya mwisho wa mwaka. Yaani wiki ambayo mkono unatakiwa uandike saa tatu mfululizo ndiyo wiki ambayo vidole havikunjiki.

Sasa tazama mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili, Juni, saa moja kasoro, anashuka kwenye daladala pale Mafiati akitafuta gari la pili la kwenda chuoni. Ndani ana fulana ya mikono mirefu. Juu yake blauzi, juu ya blauzi sweta, juu ya sweta jaketi lenye kofia. Chini ana sketi ndefu na taiti nene ndani yake, soksi pea mbili, raba. Mtandio umezungushwa shingoni mara mbili mpaka kidevuni. Saa nne jua likipanda anavua jaketi. Saa sita amebaki na blauzi, sweta amelifunga kiunoni, na begi limejaa nguo kuliko madaftari. Saa kumi na moja jioni upepo ukianza kushuka kutoka mlima Loleza, anavirudisha kimoja baada ya kingine. Wa kiume ni hivyo hivyo: tisheti, sweta, hudi, suruali ya jinzi au kadeti, na mzula umevutwa mpaka masikioni.

Hii ndiyo mila yetu ya mavazi ya chuo. Hakuna aliyeiandika wala kuipitisha kikaoni. Mwaka wa pili anamfundisha mwaka wa kwanza, mwenye nyumba anamfundisha mpangaji, na ina adabu zake. Darasani kofia ya jaketi inashushwa mwalimu akiingia. Sweta la mwenzako ukiazimwa unalirudisha limefuliwa. Anayekuja bila koti asubuhi ya ukungu anapewa kiti cha katikati, mbali na madirisha, na hakuna anayetangaza kwamba amepewa.

Nguo zenyewe karibu zote ni mitumba, na hilo halina aibu yoyote. Miaka ya Ujamaa nguo za mitumba zilibanwa kuingia nchini, milango ikafunguka biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980. Tangu hapo makoti yanayovuliwa Ulaya, Marekani na Kanada yanafungwa kwenye belo na kuja kwetu. Mfanyabiashara wa pwani akifungua belo la makoti mazito hana wa kumuuzia, kwa hiyo mzigo huo unapanda huku. Nenda Mwanjelwa au Sido asubuhi belo linapofunguliwa uone wanafunzi walivyojipanga. Mwenye jicho anageuza jaketi nje ndani kabla ya kuangalia rangi. Anavuta zipu mpaka juu na kuirudisha, anakunja kitambaa cha kwapani kuona kama kimechanika, ananusa kola. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipozungumzia kuondoa mitumba ifikapo 2019, mjadala wa wakubwa ulikuwa viwanda na ajira, na ni hoja ya haki. Ila sikumsikia mtu akiuliza mwanafunzi wa Uyole atavaa nini Julai.

Humo kwenye belo ndimo zinamotoka hudi zenye majina ya vyuo vya Marekani. Utamkuta kijana wa Ilomba kifuani kaandikwa jina la chuo ambacho hajui kiko jimbo gani. Wapo wanaoona ni kujidai. Nawaomba waijue historia ya vazi hilo. Inaelezwa kwamba hudi ilianza kushonwa Marekani miaka ya 1930 kwa ajili ya wafanyakazi wa maghala ya baridi kule New York, ndipo wanamichezo wakaichukua, wanafunzi wakaichukua kwao, ikaingia nayo darasani. Ni vazi la kazi lililoshonwa kwa ajili ya baridi. Leo limefika mahali penye baridi, linafanya kazi ile ile, na sisi tunaliandika kwenye orodha ya mavazi ya kihuni.

Hapo ndipo penye kiini cha uzi huu.

Soma karatasi iliyobandikwa kwenye mageti ya vyuo vyetu. Sketi fupi, nguo inayobana, nguo inayoonyesha mwili, suruali ya mlegezo, pensi, kandambili, kofia, hudi. Hivyo vya mwanzo naelewa na wala sibishani navyo. Jamii yetu ina staha yake, na mwanafunzi anaishi ndani ya jamii hiyo. Lakini kofia na hudi vimeingiaje hapo bila neno moja kuhusu msimu? Karatasi hiyo ungeweza kuihamishia chuo cha Dar au Mtwara bila kubadilisha mstari. Hakuna popote inaposema mwanafunzi anaruhusiwa kuvaa nini akiwa anatetemeka.

Julai moja, kwenye chuo ambacho sitakitaja, nilishuhudia vijana wakisimamishwa getini wakiwa na mizula na hudi wakati ukungu umeshuka mpaka huoni paa la jengo la pili. Wakaambiwa wavue ndipo waingie. Mmoja ndani ya hudi alikuwa na singlendi tu, maana hudi ndiyo nguo yake nzito pekee. Akaona aibu kuivua mbele za watu, akageuka akarudi hosteli, kipindi kikampita. Kanuni iliyotungwa ili wanafunzi waheshimu darasa ikamtoa mwanafunzi darasani.

Na tuseme ukweli nani anaumia. Mwenye uwezo ana koti la sufu lenye vifungo, anaonekana nadhifu, anapita. Aliyekuja na begi moja kutoka kijijini Chunya au Ileje, na anayesubiri bumu la Bodi ya Mikopo ambalo pesa yake ya chakula na malazi ilipandishwa 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, ana hudi ya mtumba na raba. Huyo ndiye anayesimamishwa.

Wenye hoja ya mitihani nawasikiliza. Ndani ya chumba cha mtihani kofia inaficha uso na jaketi lenye mifuko kumi linaficha karatasi. Sawa. Basi msimamizi akague mlangoni, akunjue mzula, apapase mifuko, amruhusu mtu aingie na nguo yake. Kazi hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na mtihani ulioandikwa na mtu asiyehisi vidole vyake.

Halafu kuna upande wa urasmi, ambao wengi wanadhani wanafunzi wetu hawaujui. Wanaujua vizuri sana. Siku ya presentesheni darasa linabadilika. Suti, mashati meupe, sketi za kiofisi, viatu vimepigwa kiwi mpaka vinang'aa. Wa sheria wakiwa na mahakama ya mazoezi utawaona mweusi-mweupe kuanzia hosteli. Na suti nyingi kati ya hizo si za aliyezivaa. Hosteli niliyokaa mimi Iringa kulikuwa na koti moja la kijivu lililohudumia karibu wavulana wote wa korido yetu, na tai iliyokuwa inaning'inia kwenye msumari ikiwa imeshafungwa tayari. Fundo lile alilifunga mtu aliyemaliza chuo kabla yetu. Unalegeza, unapitisha kichwani, unakaza, ukimaliza unairudisha msumarini bila kufungua, maana ukifungua wenzako kesho watapresenti bila tai. Hiyo nayo ni mila, na kwangu ni nzuri kuliko karatasi yoyote ya getini, kwa sababu imejengwa na vijana wenyewe kwa kusaidiana.

Wenzetu wa Oxford, Uingereza, wana vazi rasmi la mitihani: suti nyeusi au sketi nyeusi, shati jeupe, tai au utepe, na joho juu yake. Mwaka 2015 wanafunzi walipiga kura kama liwe la hiari, na zaidi ya robo tatu wakachagua liendelee kuwa la lazima. Walioulizwa ni wavaaji. Na wakitoka kwenye mtihani wanarudi kwenye sweta zao, hakuna anayewafuata maktaba kuwapima urefu wa tai. Kule Princeton, Marekani, mwaka 1912 wanafunzi wa mwaka wa mwisho walianza kuvaa ovaroli za jinzi ili povu la bia lisiwaharibie nguo, na mpaka leo mwaka wa mwisho wana jaketi lao maalumu lililotokana na ovaroli zile. Sisemi tuige bia. Nasema vazi la wanafunzi huzaliwa kutokana na wanavyoishi, na chuo chenye busara hulitunza.

Sisi yetu tunayo. Hudi na tisheti za darasa zenye jina la kozi na mwaka wa kumaliza, ambazo watu wanachangishana na kuchapisha mjini. Ijumaa utaona kanzu na baibui, na siku hiyo hiyo akina dada wengine wamevaa vitenge. Iringa kwenye sherehe mgeni wa heshima anavishwa mgolole wa Kihehe begani, nguo ambayo wazee walijifunga kwa baridi hii hii muda mrefu kabla ya jaketi la mtumba. Mkwawa mwenyewe, ambaye chuo kile kimebeba jina lake, alitawala watu waliojua kuvaa kwa mujibu wa nchi yao.

Ninachokitaka si kikubwa. Kanuni za mavazi za vyuo vya Nyanda za Juu Kusini zitaje baridi kwa jina. Kuanzia Mei mpaka Agosti mzula, skafu, glovu na jaketi lenye kofia viruhusiwe darasani, mradi uso unaonekana. Msimu wa mvua gambuti ziruhusiwe. Na mwanafunzi mwenye kasoro ya mavazi aandikwe jina aingie kipindini, aitwe ofisini baadaye.

Karibuni tujadiliane.

---

mama_wa_Kimara ameandika:

Asante mwalimu kwa uzi. Mwanangu wa kiume anaanza Mbeya mwaka huu. Mimi na baba yake tumeshamnunulia suti mbili, viatu vya ngozi pea mbili, mashati sita na jaketi moja la Kariakoo. Bado kuna kitu? Pesa imeshakatika kwa kweli.

MwanaForest ameandika:

Mama, shikamoo. Suti moja inatosha, na kama ya pili haijakatwa lebo irudishe dukani. Pesa hiyo mpe mkononi. Jaketi la Kariakoo mara nyingi ni jepesi, la kuzuia upepo wa pikipiki. Atakapofika atanunua la mtumba Mwanjelwa kwa bei nafuu na ni zito kweli. Anunue Novemba wakati wa joto, asisubiri Juni ambapo kila mtu analitafuta.

Mwambie avae nguo nyepesi kadhaa badala ya moja nene: fulana ya pamba ndani, sweta la sufu katikati, jaketi la kuzuia upepo juu. Sufu hata ikipata unyevu bado inatunza joto, pamba ikilowa inakugandisha. Jinzi nzito asizibebe nyingi; Januari na Februari ukiifua Jumamosi, Jumatatu bado kiunoni ina maji, na kijana ataivaa mbichi hivyo hivyo. Kadeti zinakauka haraka. Gambuti atazihitaji kama atapanga mitaa ya pembeni ambako barabara ni ya udongo. Anazivaa mpaka karibu na chuo, viatu viko kwenye mfuko.

---

Mzee_Ipogolo ameandika:

Kamwene.

Nimesoma uzi wote. Mimi ni mtu mzima, nilikuwa Dar kijana wakati wa Operesheni Vijana. Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha mwaka 1968 kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana ni marufuku. Hata kabla tarehe haijafika, Oktoba ile ya 1968 vijana walianza kuwavamia wasichana Kariakoo na kuwashusha kwenye mabasi. Wasichana waliokuwa wanatoka kazini. Dada yangu alikuwa akibeba khanga mbili kwenye mkoba kila siku, hata gauni lake likiwa limefunika magoti, kwa sababu hakujua nani atakayempima leo.

Ndiyo maana nikisikia habari za walinzi getini kupima nguo moyo unashtuka. Kinachoanza na sketi hakiishii kwenye sketi, na kila mara mkono unaopima unamwangukia binti kwanza. Staha naitaka, wajukuu zangu nawafundisha. Lakini nyumbani anayemfundisha ni bibi yake, hafundishwi na mtu mwenye rungu.

MwanaForest ameandika:

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa ushuhuda huu, vijana wengi humu hawaijui habari hiyo. Na khanga ile bado ipo, mzee. Mpaka leo wasichana wengi chuoni wanayo moja kwenye begi, wanaifunga juu ya suruali wakipita getini, wanaifungua wakifika darasani. Walinzi wanajua, walimu wanajua. Sioni tumemfundisha nini binti huyo.

---

Mhadhiri_wa_Kihesa ameandika:

Ndugu mleta uzi, nakuheshimu kama mwalimu mwenzangu ila hapa sikubaliani nawe. Chuo ni maandalizi ya kazi. Serikali ina waraka wa mavazi ya watumishi wa umma wa mwaka 2007, kijana akiajiriwa atakutana nao siku ya kwanza. Akizoea hudi na mzula miaka mitatu, ofisini atabadilika lini? Nimekuwa na wanafunzi wanaoenda mafunzo kwa vitendo halmashauri wakiwa na raba za rangi, na lawama zinarudi kwetu. Pia mwalimu unayefundisha watu 200 waliojifunika kofia huoni nani anafuata somo na nani amelala.

MwanaForest ameandika:

Mwalimu, hoja ya kofia na usingizi naipokea, ndiyo maana nimesema uso uonekane. Mzula haufuniki uso. Kofia ya hudi ishushwe ukianza kufundisha, na kwa kweli ukiwaambia wanashusha.

Hilo la ajira naliona tofauti. Waraka unamhusu mtumishi anayelipwa mshahara na mwenye kabati la nguo. Mwanafunzi hana hayo. Na vijana wanabadilika pale wanapohitaji. Tazama siku ya presentesheni. Huyo wa raba za rangi alihitaji mtu wa kumwambia wiki mbili kabla ya kwenda halmashauri wanavaa nini kule, na pengine kuazimwa viatu. Hicho ni kipindi kimoja cha maandalizi. Miaka mitatu ya kutetemeka haimfundishi kufunga tai. Halafu mwalimu, nenda halmashauri yoyote ya Njombe au Makete asubuhi ya Julai uangalie watumishi wamevaa nini nyuma ya meza. Utakuta sweta, skafu, na makoti ambayo hayavuliwi mpaka saa tano.

---

fundi_karakana ameandika:

Kwa sisi wa karakana kuna kanuni za mavazi ambazo hazina mjadala na naomba ziingie kwenye uzi. Jaketi la nailoni usikaribie nalo kwenye kulehemu. Cheche ikidondoka kwenye pamba nzito inatoboa tundu dogo, ikidondoka kwenye nailoni kitambaa kinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Hudi yenye kamba shingoni, mtandio unaoning'inia, tai, nywele ndefu zisizofungwa, vyote ni hatari kwenye mashine ya kukereza vyuma. Ile mashine ikishika uzi haikuachii, inakuvuta wewe. Ovaroli ya pamba, mikono imefungwa, buti ngumu. Baridi ikizidi, sweta linakaa NDANI ya ovaroli, kamwe si juu yake.

Nimeona vijana wanabishana na fundi sanifu wakidhani ni kanuni za getini. Hizi ni kwa ajili ya mikono yao.

MwanaForest ameandika:

Umeeleza vizuri sana mkuu. Kanuni ya karakana mwanafunzi akielezwa sababu anaitii hata akiwa peke yake. Za getini ajieleze nani?

---

BintiTukuyu ameandika:

Dada/kaka mwalimu, mimi nasoma afya. Huku kwetu kuna sare kwa hiyo habari ya mini hatuna, ila baridi tunayo. Wodini mikono inatakiwa iwe wazi mpaka kiwikoni, maana tunanawa kila mgonjwa na mikono mirefu inabeba vimelea kitanda hadi kitanda. Hilo nalikubali kabisa. Tatizo ni sweta la sare, ni jepesi mno, na ukiongeza koti lako njiani kutoka hosteli unaambiwa umevunja sare. Saa kumi na mbili asubuhi! Sasa tunavaa fulana mbili ndani zisizoonekana na taiti mbili, tunaonekana wanene. Wenzangu wa Tukuyu tumezoea mvua na ukungu, wa Lindi na Zanzibar wanalia machozi.

Ndaga fijo kwa kulileta hili.

MwanaForest ameandika:

Pole mdogo wangu. Ndani ya wodi kanuni ina sababu, njiani haina. Mngeomba koti la sare la nje, rangi moja kwa wote, linavuliwa mlangoni mwa wodi na kutundikwa. Mafundi wa hapa mjini wanaweza kushona kwa kitambaa kizito. Andikeni barua kupitia mwakilishi wa darasa, mweke na sababu ya kitaalamu kama ulivyoieleza hapa, maana umeieleza vizuri kuliko mimi.

---

cherehani_ya_Sae ameandika:

Mimi ni fundi. Wanafunzi ni wateja wangu wakubwa Mei na Septemba. Mei wanaleta majaketi ya mitumba nipunguze mabega na mikono, maana yanakuja makubwa. Septemba wanaleta suti. Ushauri kwa wanaonunua: urefu wa mikono napunguza kirahisi, upana wa kiuno kirahisi, mabega ni kazi kubwa na gharama yake inakaribia bei ya jaketi lenyewe. Kwa hiyo ukiwa sokoni angalia mabega kwanza, mengine leteni. Na zipu iliyokufa isikukatishe tamaa, zipu mpya nabadilisha siku hiyo hiyo.

Kuhusu koti la sare la wauguzi, nipo tayari kupima mfano mmoja bure wakileta kibali cha chuo.

mama_wa_Kimara ameandika:

Mwalimu, suti ya pili imerudishwa, duka wamekubali kubadilisha na sweta mbili za sufu. Sasa niulize, mzula atarudishwa nao getini au sivyo? Nisije nikamtia mtoto matatani.

MwanaForest ameandika:

Mama, inategemea chuo na inategemea mlinzi aliye zamu, na hilo ndilo ninalolipigania. Kwa sasa mwambie auvae njiani, akikaribia geti autie mfukoni, akipita auvae tena. Mkutano wa wanafunzi na uongozi kwetu huwa muhula wa kwanza, na mimi nimeshaandika pendekezo la Mei hadi Agosti, nimelipeleka kwa serikali ya wanafunzi ili litoke kwao. Walio vyuo vingine vya Mbeya, Iringa na Njombe, nikipata karatasi ya kanuni za chuo chenu nitawasaidia kuandika la kwenu. Wekeni picha ya karatasi tu, msiweke picha za watu.